Vichwa vya Viazi vya Nungunungu

Haya, sogeeni. Nitoe nisitoe?

Toa, tusikie!

Na huyo anayesinzia, mfinyeni. Sisemi mara mbili.

Zamani, zamani za kale, alikuwepo Nungunungu, mjane mwenye watoto wawili. Alifyeka pori, akapanda viazi vikuu. Kila akivuna alikata vichwa vya viazi akaviweka ghalani, maana kiazi kikuu hupandwa kichwa chake. Vilivyobaki alikula na wanawe, vingine akabadilishana. Swala alimletea nyasi za kuezekea, akaondoka na viazi. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Lakini Fisi, mkuu wa baraza, roho ilimuuma. Akawaita wanyama.

"Kwa nini yeye awe navyo, sisi tukose? Viazi ni vya wote."

Nungunungu akasema, "Mzee Fisi, nimelima kwa kucha zangu. Anayetaka naye alime, pori bado lipo."

Wakamcheka. Wakanyoosha mikono kukubali viazi vichukuliwe. Swala aliona haya, lakini naye akanyoosha.

Mwaka huo wakachukua nusu. Nungunungu akalia, akalima tena.

Mwaka wa pili wakachukua vyote, wakamwachia vichwa tu. Akalia, akalima tena.

Mwaka wa tatu alilima kijishamba cha kulisha wanawe. Fisi akaja na wenzake, akafoka, "Unatuficha, bibi!" Akaingia ghalani, akavikuta vichwa.

"Hiyo ni mbegu, Mzee. Mkiila, mwakani tutapanda nini?"

"Choyo hicho!"

Wakavipika, wakala, wakacheza ngoma. Nungunungu safari hii hakulia. Aliwachukua wanawe, akaenda zake.

Mvua ikanyesha, mvua nzuri kweli, na hakukuwa na cha kupanda. Njaa ikaingia. Wadogo wakafa kwanza. Ndipo Fisi akaita baraza tena.

"Swala ana nyama, na sisi tuna njaa."

Swala akarudi nyuma. "Lakini mwili huu ni wangu."

"Wako? Nani kakwambia?" Fisi akawageukia wengine. Wakanyoosha mikono.

Basi, wanangu, jasho la mtu ni lake, na mwili wake ni wake. Ukikubali mmoja anyang'anywe kwa kuwa ninyi ni wengi, na wewe umeshajitoa unyang'anywe. Natamani ningewaambia kuwa Nungunungu alirudi. Hakurudi, na lile shamba ni pori mpaka leo.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.