Keki ya Forosadi Harusini kwa Jael

Ukitaka kujua ubora wa kitu, usisikilize mwenye kitu. Tazama watu wanarudi mara ngapi. Kitu chema hakihitaji kupigiwa debe, ilhali kilicho duni hakimalizi siku bila kusifiwa na mwenyewe. Wahenga walilisema hilo zamani, na sisi wa Shinyalu tulilishuhudia kwa macho yetu siku Jael, binti ya Mzee Andati, alipoolewa.

Mzee Andati alifanya kazi katika kiwanda cha sukari mpaka akastaafu. Sukari ilimlisha, ikamjengea nyumba, ikamsomeshea watoto, kisha ikamgeuka. Ugonjwa wa kisukari ulimwingia kimyakimya kama mwizi. Ulimfifisha macho na kuutia ganzi mguu wake wa kushoto.

Sasa, harusini kwetu bibi harusi humpigia babake magoti na kumlisha keki, naye baba humwekea mkono kichwani akambariki. Baba asipoila, wakwe huondoka wakinong'ona kwamba ameikataa ndoa. Mwanawe wa kiume alipooa, Mzee Andati alikula keki ya mkaza mwanawe, akaongezwa, akala tena kwa heshima ya wageni. Jioni ile alibebwa hobelahobela hadi hospitalini. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba akirudia mchezo huo, angeweza kuupoteza mguu, au hata uhai.

Harusi ya Jael ilipokaribia, watoto walimsihi baba yao aikatae keki. Mzee aliwatazama kana kwamba wamepungukiwa na akili.

“Mwanangu apige magoti mbele yangu, nami nifunge mdomo?” alisema. “Afadhali mguu uende.”

Hakuwa akitania. Jael alilia hata akasema heri harusi ivunjwe kuliko yeye kumuua babake kwa mkono wake mwenyewe.

Dadake mkubwa, Nafula, hakulia. Nafula husuka nywele Lurambi, na niseme bila kuuma maneno: laiti kila boma lingekuwa na Nafula wake! Hakubishana na baba wala na desturi. Alikwenda kliniki alikotibiwa babake akamuuliza mtaalamu wa lishe. Akaelezwa kuwa wabaya wakuu wa keki ni sukari na unga wa ngano, na kwamba matunda madogo kama stroberi na forosadi, yakiliwa kwa kiasi, mzee angeyamudu. Nafula aliposikia forosadi, nusura acheke. Ua mzima wa shamba lao ulikuwa wa miforosadi! Matunda yale meusi ya kuwachafua watoto wa shule midomo yaliachiwa ndege mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtu mzima aliyeyahesabu kuwa chakula.

Alitwanga njugu karanga zikawa unga, akazichanganya na mayai na siagi, akaoka katika sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko. Keki ya kwanza ilikuwa balaa. Forosadi alizochuma zilikuwa bado nyekundu, chachu kupindukia. Mzee alionja, akauliza kwa upole kama hiyo ilikuwa dawa ya mifugo. Nafula alicheka kuliko wote, akarudi jikoni.

Safari iliyofuata alichuma zile nyeusi tu, zinazodondoka ukizigusa. Alifunga maziwa ya mgando katika kitambaa safi na kuyatundika hadi maji yote yakachuruzika, yakabaki mazito. Akayapaka juu ya keki ya njugu, akamwaga forosadi juu yake, nusu nzima, nusu zimepondwa, hata maji yake ya zambarau yakapenya katika ule weupe. Sukari hakutia hata chembe. Mzee alikula kipande chake polepole, na alipopimwa damu baadaye, kipimo kilikuwa kimetulia. Akaomba kipande kingine. Akanyimwa. Ndipo akasema kwamba siku ya harusi angekula chochote ambacho bintiye angeletewa kumlisha.

Hapo ndipo penye mwiba. Sahani ya bibi harusi hubebwa na shangazi, na shangazi wa Jael alikuwa Ayuma, mwanamke ambaye akishasema, amesema. Ayuma aliposikia habari ya keki ile alipandisha mori. Vipi binti wa nchi ya miwa atolewe kwao kwa keki isiyo na sukari? Wakwe wangesema ametolewa kwa uchungu. Akaapa kubeba keki ya Willis na si nyingine. Kipande kidogo hakiui mtu, alisema.

Willis alikuwa mpishi wa keki kutoka mjini. Siku ya harusi alifika na keki ya ghorofa, ya waridi, yenye taa za kumetameta, na kipaza sauti mkononi. Aliisifu keki yake tangu wageni walipoketi. Alitutajia harusi za wakubwa alizopikia na akatuahidi kwamba tungejilamba vidole. Keki ya Nafula, katika sinia pana, ilikaa kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa. Hakuna aliyeitangaza. Nafula mwenyewe alikuwa ndani akimrekebisha bibi harusi nywele.

Keki ya Willis ilipoanza kugawanywa, loo! Ilikuwa kavu kama gunzi. Watu walitafuna wakitafuta maji kwa macho, na wengine wakaifunga katika karatasi wakidai ni ya watoto nyumbani. Bibi kizee mmoja aliyeketi karibu na meza ya pembeni alifunua kitambaa, akajimegea. Akajimegea tena. Akamgusa jirani yake begani. Jirani akamwita dada yake. Willis alipokuwa angali akiwahimiza watu waongeze, nusu ya wageni walikuwa wamempa mgongo.

Nafula alipotoka alikuta sinia limebaki na kipande kimoja tu. Mbele ya sinia alisimama shangazi Ayuma. Inasemekana alikuwa amekwenda kuionja keki hiyo ili apate la kuisemea vibaya. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzima mwenye tai, alinyoosha mkono kukichukua kile kipande, na Ayuma akaupiga kofi.

“Hiki kina mwenyewe,” alisema.

Jael aliitwa. Alipiga magoti mbele ya babake huku ameinamisha uso, kwa kuwa alijua shangazi yake ameapa kumletea nini. Ayuma akamsogezea sahani. Jael alipoziona forosadi, machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Akamlisha babake. Mzee alitafuna bila haraka, akameza, akaweka mkono juu ya shela ya bintiye.

“Nenda, mama,” alisema. “Nimekula, nimeridhika. Wajukuu nitakuja kuwaona kwa miguu yangu miwili.”

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hadi barabarani. Ayuma ndiye aliyepiga cha kwanza, na cha mwisho.

Jioni, Willis alizima taa za keki yake, ambayo ilikuwa ingali imesimama karibu yote, akaja kumnong'oneza Nafula amfundishe. Hakuwa na kipaza sauti. Nafula alimwambia aje asubuhi na kikapu, forosadi huchumwa mapema. Ama kweli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.