Mnazi wa Binti Chande

Zamani hizo, lami haijaijua njia ya kwetu, alitawala Mkuu Shekuwe, mzaliwa wa mji huu huu. Alileta umeme, akaleta shule, na aliyembishia alilala ndani. Akataka barabara inyooke kama uzi. Tingatinga likafika mlangoni kwa Binti Chande, na Mkuu mwenyewe na askari wake nyuma yake.

"Bibi, toka. Nyumba inabomolewa."

"Bomoa, mwanangu, nyumba ni miti tu. Ila huu mnazi wa mlangoni msiung'oe kwa pupa."

"Una nini?"

"Kitovu chako kiko chini yake. Siku niliyokuzalisha, marehemu mama yako alinikabidhi nikizike. Ulikuwa na kichwa kikubwa wewe, ulitusumbua."

Askari wakatazama chini. Mkuu akajishika tumbo.

"Kikichimbuliwa inakuwaje?"

"Sijui, baba. Hakuna aliyejaribu."

Mkuu akasimama mpaka jasho likamtoka, kisha akamwambia dereva, "Zunguka."

Jioni mumewe akamwuliza, "Mke wangu, lini ulikuwa mkunga?"

"Mimi? Hata mbuzi sijamzalisha. Lakini nani anajua kitovu chake kilizikwa wapi? Wa kumwuliza keshakufa."

Mkuu naye alishakufa. Umeme wake tunao, na barabara yake imenyooka mpaka leo, isipokuwa pale kwenye mnazi.