Ngiri Nyuma ya Ungo

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na gurudumu.
Lizunguke!
Palikuwa na mlima.
Upandwe!
Palikuwa na mvivu.
Asukumwe!

Haya. Huyo aliyeitika kwa sauti ya usingizi asogee karibu, nisije nikamsimulia mara mbili.

Hapo kale wanyama walikuwa na chama cha baiskeli. Msiniulize walizipata wapi. Mimi nasimulia hadithi, siuzi baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi walikutana chini ya kilima, wakapanda baiskeli zao, wakaenda mpaka Mtoni kwa Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa amechemsha sufuria kubwa la mihogo, juu yake kamwagia karanga za kutwanga. Wakala, wakapumzika, wakarudi makwao. Chama kilikuwa ni hicho tu, na kilikuwa kizuri.

Mbele alikwenda Mbuni, kiongozi wa msafara, aliyechaguliwa kwa ajili ya miguu yake. Nyuma ya Mbuni walikwenda Nyumbu, ndugu wengi wasiopenda kuachana. Nyuma ya Nyumbu alikwenda Ngiri. Na nyuma kabisa, kwichi, kwichi, kwichi, walikuja wadogo na baiskeli zao ndogo.

Sasa sikilizeni. Njia ya Mtoni ina upepo, nao unavuma kutoka Mtoni, vuuu, moja kwa moja usoni. Anayetangulia unampiga. Anayemfuata nyuma yake anakingwa. Ndiyo maana waendesha baiskeli hupokezana. Mbuni alitangulia, akachoka, akapisha. Nyumbu akatangulia, akachoka, akapisha. Zamu ya Ngiri ikifika, Ngiri alisema, "Leo goti."

Jumamosi nyingine zamu ikifika, alisema, "Leo kiuno."

Na nyingine tena: "Leo ni lile goti la upande wa pili."

Basi Ngiri alikaa nyuma, kichwa chini, macho kwenye mkia wa Nyumbu. Lakini wakikaribia Mtoni, harufu ya mihogo ikimwingia puani, goti lilipona papo hapo. Chwaaa! Akawapita wote, akafika wa kwanza, akazamisha mdomo ndani ya sufuria.

"Nguvu hizi!" alisema huku akitafuna. "Mmeziona nguvu hizi?"

Wenzake walikula alichobakiza.

Siku moja Ngiri alijitangaza mwenyekiti. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa ana meno mawili marefu na alitangaza akiwa ameyaelekeza kwao. Kisha akaleta sheria: atakayefika Mtoni wa mwisho atamwachia baiskeli yake atakayefika wa kwanza. Sheria ikapita kwa kauli moja, nayo ilikuwa kauli ya Ngiri.

Jumamosi ya kwanza Kobe alirudi kwa miguu. Jumamosi iliyofuata Kicheche alirudi kwa miguu. Ngiri alizitundika baiskeli zao ukutani nyumbani kwake. Hakuzipanda, ni ndogo mno. Alizitazama tu, akafurahi.

Mnaona mambo yanakokwenda? Kobe hayupo, Kicheche hayupo. Wa mwisho sasa ni nani?

Pimbi!

Ndiyo, Pimbi, yule mdogo wa mawe, asiye na mkia wa kuzungumzia. Na Pimbi alikuwa na watoto juu ya majabali, na maji yako bondeni. Kila siku alifunga dumu kwenye keria, kwichi, kwichi, akapandisha maji. Bila baiskeli angebeba dumu kichwani, na Pimbi hana kichwa cha kubebea dumu. Aliogopa. Nasema aliogopa kweli, hakujifanya.

Ijumaa alimwendea Ngiri. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja kunionyesha baiskeli yangu?"

"Mwenyekiti, nina watoto."

"Watoto wana miguu," alisema Ngiri, akaenda kupigilia msumari mwingine ukutani. Ko! Ko! Ko!

Pimbi akarudi juu ya jabali, akakaa, akautazama upepo unavyoinamisha majani. Alikaa sana.

Jumamosi akatokea na ungo mgongoni. Ungo mkubwa, wa kupepetea, ameufunga kwa kamba mabegani. Ukimtazama kwa nyuma humwoni Pimbi. Unaona ungo wenye magurudumu.

"We Pimbi, hicho nini?" Ngiri aliuliza.

"Ungo, mwenyekiti. Bi Kanga ameuagiza apepetee karanga."

Ngiri akauzunguka ungo ule. Akamtazama Nyumbu, akautazama ungo. Nyumbu ana mkia, na mkia humchapa mtu usoni. Ungo hauna mkia, na ni mpana kuliko Nyumbu.

"Leo nitakaa nyuma yako," alisema. "Nikulinde."

"Ahsante sana, mwenyekiti."

Wakaondoka. Mbuni mbele, Nyumbu nyuma ya Mbuni, Pimbi nyuma ya Nyumbu, Ngiri nyuma ya ungo. Vuuu! ukavuma upepo. Pimbi akakanyaga, jasho likamtoka, ungo ukamvuta nyuma. Nyumbu wakawa mbali, Ngiri akaona ungo. Nyumbu wakawa mbali zaidi, Ngiri akaona ungo. Hakujali. Mwenye nguvu zake huwapita wenziwe wakati wowote.

Wakafika njia panda penye kichuguu kikubwa. Njia ya kulia inakwenda Mtoni. Njia ya kushoto inazunguka kichuguu, inaupa upepo mgongo, inateremka, inateremka, inateremka mpaka Chumvini. Hapo chama kina desturi yake: mmoja husimama njia panda awaonyeshe wa nyuma pa kupita. Nyumbu mmoja alikuwa amesimama, amenyoosha mguu kulia.

Pimbi akauona mguu, akakata kushoto. Ngiri akaona ungo.

Nyumbu alishangaa. Lakini Nyumbu hushangaa kila siku, kwa hiyo akapanda baiskeli yake akawafuata ndugu zake.

Huku kushoto upepo ukawashika mgongoni na mteremko ukaanza. Fyuuu!

"Aisee!" alisema Ngiri. "Leo nina nguvu!"

"Unazo, mwenyekiti."

"Naona kama sikanyagi!"

"Hata mimi naona hukanyagi."

Wakaenda kidogo. Ngiri akanusa. "Pimbi, mbona harufu ya mihogo siipati? Njia ni hii?"

"Mwenyekiti, wewe umekwenda Mtoni Jumamosi ngapi?"

"Zote!"

"Basi mimi nikufundishe nini?"

Ngiri akaukazia macho ungo. Kwa kweli angeweza kukueleza mkia wa kila Nyumbu, wenye tope na usio na tope. Lakini mti mmoja wa njia ya Mtoni hakuujua. Na mwenyekiti anaanzaje kusema hajui njia?

"Lakini wenzetu siwaoni," alisema Pimbi. "Nadhani wametutangulia."

"Wametutangulia kwenye sufuria? Pisha!"

Pimbi akapisha. Chwaaa! Ngiri akapita, kichwa chini, upepo unamsukuma, mteremko unamvuta. "Nguvu hizi!" sauti yake ilisikika mbali. "Nguvu hiziii!" Halafu haikusikika tena.

Pimbi akaweka mguu chini. Akaufungua ungo mgongoni, akaulaza juu ya keria, akageuza. Kwichi, kwichi, kwichi, mpaka kwenye kichuguu, akashika njia ya kulia.

Ngiri alifika Chumvini. Kuna nini Chumvini? Chumvi. Hakuna Kanga, hakuna sufuria, hakuna Nyumbu. Akageuka nyuma arudi, na upepo ukampiga usoni, vuuu!

"Nani ameleta upepo?" Ngiri aliuliza.

Hakuna aliyemjibu, maana hapakuwa na mtu. Akatafuta wa kumfuata nyuma. Akajibanza nyuma ya kichaka, lakini kichaka hakiendi Mtoni. Akakanyaga. Mlima ukapanda, na Ngiri akapanda nao, hema, hema, hema. Goti likauma. Kiuno kikauma. Goti la upande wa pili nalo likauma, na safari hii yote yaliuma kweli.

Mtoni walikuwa wamekwisha kula. Bi Kanga alitaka kumbakishia mwenyekiti, lakini Nyumbu wakasahau, na Nyumbu wakisahau husahau wote pamoja. Hakuna aliyeondoka. Desturi ya chama ni kumngoja wa mwisho, wakangoja. Pimbi alikuwa kivulini, tumbo limejaa, mkono juu ya usukani wa baiskeli yake.

Jua lilikuwa limeinama Ngiri alipotokea, anayumba. Akashuka, akakaa chini bila kutaka.

"Mngeniona wakati wa kwenda!" alisema.

"Pole na safari," alisema Mbuni. "Mwenyekiti, ulikuwa wapi?"

Ngiri akamwelekezea Pimbi meno. "Huyu amenipoteza!"

"Kakupoteza njia ya Mtoni? Kumbe huijui?" aliuliza Mbuni.

Nyumbu wote walimtazama. Ngiri akajifuta jasho.

"Naijua sana," alisema. "Nilipita Chumvini kwa mazoezi."

"Hongera," alisema Mbuni. "Basi hujapotezwa na mtu. Umechelewa tu, tena umefika wa mwisho. Sheria ilikuwa inasemaje?"

Ngiri akatazama meno yake, akatazama magoti yake. Magoti yakakataa kusimama. Aliyefika wa kwanza siku ile alikuwa Mbuni, na baiskeli ya Ngiri ikawa ya Mbuni.

Ngiri alirudi kwa miguu. Chama kilirudi kwa baiskeli, kikapitia nyumbani kwake kabla hajafika, kikashusha baiskeli ya Kobe, kikashusha ya Kicheche. Alipofika alikuta misumari. Sheria ile haikufutwa. Ilisahauliwa tu, kama sheria nyingi. Na baiskeli ya mwenyekiti, kwa kuwa ni imara na ina keria pana, kila Jumamosi hubeba sufuria.

Hadithi inafundisha nini? Inafundisha kwamba mazoezi ni mazuri. Siku ile aliyekwenda mbali kuliko wote ni nani? Ngiri. Aliyetoka jasho kuliko wote? Ngiri. Aliyepungua tumbo? Ngiri peke yake. Kwa hiyo, watoto, mwigeni Ngiri mpate afya. Pimbi msimwige kamwe: alikwenda karibu, alikula sana, kisha akalala.

Hadithi yangu imefika, nimeshuka. Ikiwa ni tamu, gawaneni. Ikiwa haikukolea, ilaumuni chumvi, ilibaki Chumvini.