Mali ya Sultani Yenye Matundu

Hapo zamani, katika mji wa Tumbini, alikuwapo Sultani Mahfudhi, aliyependa lesi, kitambaa kile cha matundu matundu, kupita kiasi. Joho lake lilikuwa la lesi, mapazia yake ya lesi, hata kitambaa cha kupengea kamasi. Ikawa siku moja akasikia kwamba Bi Mize, mshona lesi, amemshonea bintiye ukaya wa harusi, kitambaa cha lesi cha kujifunga kichwani, uliolishinda joho lile kwa uzuri. Roho ikamuuma, akaamuru mbiu ipigwe: "Nguo yoyote yenye matundu ni mali ya Sultani. Atakayekutwa nayo, gerezani!"

Basi Bi Mize akatiwa gerezani, ukaya ukachukuliwa, na harusi ilikuwa kesho yake. Bintiye akalia hadi sauti ikamkauka.

Jirani yao, Mshamu, alikuwa fukara asiye na mbele wala nyuma. Watu walimwita mjinga, naye hakubishana nao, kwa kuwa kubishana kwaleta njaa. Asubuhi akaingia barazani amejifunga jamvi kiunoni, akaiweka kanzu yake mbele ya Sultani.

"Nini hii?"

"Mali yako, Maulana. Nimeikuta ina matundu, nami naogopa kukaa na cha mtu."

Waziri akaiinua kwa vidole viwili. "Nani aliyeishona lesi hii?"

"Panya, Bwana Waziri. Hapo mgongoni ni kazi ya jua."

"Ondoa uchafu wako!" akafoka Sultani.

"Siwezi, Maulana. Nikitoka nayo askari watanikamata. Tena wenzangu nje wanauliza, zao waziweke wapi? Wengine hawakuwahi kufua."

Sultani akachungulia. Uwanja ulijaa wachukuzi, wakwezi na wakulima, wamejifunga majamvi na majani ya migomba, kila mmoja na kifurushi chake mkononi. Waziri akanong'ona, "Ukizipokea, Maulana, mji mzima u uchi, na kuuvika ni juu yako."

Sultani akawatazama tena wale wa majamvi. Kisha akaangua kicheko hadi kilemba kikamwenda upande. "Mbiu imefutwa! Kila mtu arudishiwe nguo yake!"

"Zenye matundu zote, Maulana?"

"Zote!"

"Basi na ukaya wa Bi Mize una matundu. Naye mwenyewe, aliye gerezani, ndiye aufungaye vizuri."

Kicheko kikamkatika Sultani, lakini neno lilikwisha kumtoka mbele ya watu. Bi Mize akafunguliwa, akamvika bintiye ukaya kwa mkono wake, akalia kwa furaha mbele ya wageni bila kujificha. Mshamu naye akapewa kanzu mpya ya Sultani mwenyewe. Akaigeuzageuza, akaitazama kwenye mwanga, akauliza kama panya wameshaarifiwa kwamba hii imetoka kwa Sultani.