Kisima cha Wakfu cha Mundhiri

Mungu awape masikio ya heri, enyi mnaosikiliza. Katika mji wa Tarfani, nyuma ya milima ya mawe mekundu, alitawala Sultani Ghalibu bin Mansuri, naye alikuwa na majumba na farasi na bustani za makomamanga, na binti mmoja tu, Sitti Lulua, aliyempenda kuliko mboni ya jicho lake. Ikawa mvua imekatika, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia, na mto ukakauka hata watoto wakacheza ndani yake, na ng'ombe wakafa njiani. Sultani akashikwa na hofu kubwa, akaamuru mabirika ya kasri yafungwe kwa milango ya shaba na kuwekewa askari, asipewe mtu hata tone.

Na katika mtaa wa wafinyanzi alikaa kijana maskini, jina lake Mundhiri, pamoja na mama yake, Bi Raihani. Marehemu baba yake alichimba kisima uani kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kwamba kila mwenye kiu anywe na asiulizwe yeye ni nani. Visima vyote vya mtaa vilikuwa vimekufa ila hicho, na Mundhiri aliteka tangu alfajiri hadi magharibi, akiwagawia watu kata kwa kata, na kila siku kamba ilizidi kurefuka na maji yakazidi kupungua.

"Funga mlango, mwanangu," Mzee Shaibu, jirani yake, akamwambia. "Utakufa kwa kiu, wewe na mama yako."

"Kingekuwa changu ningekifunga, mzee wangu," Mundhiri akajibu. "Lakini mwenyewe ni Mungu. Mimi ni mtekaji tu."

Siku moja adhuhuri ndoo ikapanda na tope tupu. Mundhiri akajifunga kamba, akashuka hadi chini, na huko akamkuta jini mkubwa wa rangi ya moshi, amekaa juu ya jabali na mnyororo shingoni.

"Usitishike, ewe mwanadamu," jini akasema. "Mimi ni Dahnaji, nimefungwa katika ardhi hii tangu zama za wafalme waliosahauliwa, kabla kisima hakijachimbwa, nimtumikie atakayekimiliki. Niamrishe, nami nitakijaza leo hii, kwa sharti moja: usimpe mtu bure tena. Wauzie. Watakuletea dhahabu zao, kisha mashamba yao, kisha watoto wao, na haitapita muda utakaa katika kiti cha Sultani Ghalibu."

Mundhiri akamkumbuka mama yake, aliyelala mkekani asubuhi ile na midomo imepasuka kwa kiu, na moyo wake ukayumba, na machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Ewe Dahnaji, nakiri kwamba nayataka maji hayo. Lakini baba yangu aliahidi mbele ya Mola wake, nami sina ruhusa ya kuivunja ahadi hiyo. Sogea kidogo, tafadhali, nikwangue palipo na unyevu."

Jini akastaajabu, akasogea, na Mundhiri akakwangua na kuchuja hata akapata maji ya kujaza bakuli moja, akapanda nayo kumpelekea mama yake.

Kumbe mlangoni alikuwa amesimama mwanamke amejifunika shela, na vumbi limemjaa miguuni. Akasema, "Ndugu yangu, baba yangu ana homa kali. Maji ya nyumbani kwetu yalifungiwa mpaka yakaoza, yameingia funza, hayanyweki. Nami sitakudanganya: mimi ni Lulua binti Sultani Ghalibu."

Watu waliokuwa uani wakapiga kelele. Mzee Shaibu akasema, "Mjukuu wangu amekufa chini ya ukuta wa kasri akiomba maji! Leo wao ndio waje kuomba kwetu?" Na Sitti Lulua akainamisha kichwa, akalia.

Mundhiri akashikwa na bumbuwazi, bakuli mkononi. Ndipo Bi Raihani akaita kutoka ndani kwa sauti dhaifu, "Mwanangu, mbona unasita? Baba yako alisema asiulizwe mtu yeye ni nani. Mpe."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina Mungu. Mpe, mgonjwa asingojee."

Akampa bakuli zima, na mkono wake ukitetemeka. Kisha akashuka tena kisimani, maana hakuweza kukaa akimtazama mama yake. Akamkuta Dahnaji analia, na mnyororo umekatika vipande.

"Nilifungwa kwa tamaa yangu," jini akasema, "nikaambiwa sitatoka mpaka mtu mwenye dhiki akatae kunitumia kwa tamaa, kisha atoe bure tone lake la mwisho. Na maji niliyokuahidi hayakuwa yangu, Mundhiri. Mungu aliyaweka hapa kabla yangu, mimi nilikuwa nimeyakalia tu."

Akainuka, na jabali likainuka pamoja naye, na chemchemi ikabubujika kwa nguvu ikambeba Mundhiri hadi juu, na maji yakafurika uani na kutoka mlangoni, yakateremka mtaani. Mundhiri akamnywesha mama yake kwa viganja vyake. Na Mzee Shaibu akapiga magoti katika maji, akamlilia mjukuu wake.

Sultani alipokunywa lile bakuli homa ikamwachia, na alipojua lilikotoka akavua kilemba, akaja kwa miguu hadi mtaa wa wafinyanzi, akamwomba Mzee Shaibu msamaha mbele ya watu wote, kisha akaamuru milango ya shaba iyeyushwe. Akamfanya Mundhiri waziri wa mali zake, na Sitti Lulua alipoulizwa kuhusu ndoa akasema, "Huyo ndiye nimtakaye." Wakaoana, na Bi Raihani akakaa nao kasrini kwa heshima, na mji mzima ukala karamu.

Siku ya harusi Sultani akamuuliza mkwewe, "Hukuogopa, siku zile, kugawa huku maji yanakwisha?"

"Niliogopa, bwana wangu, kila nilipoinua ndoo," Mundhiri akasema. "Lakini hofu haikuwa amri. Amri ilikuwa kutoa."

Basi mja atii na atoe alicho nacho, hata mkono ukimtetemeka, na riziki amwachie Mwenye riziki. Hivi ndivyo ilivyokuwa Tarfani, na rehema za Mungu ziwafikie wote walioonja kiu ile.