Ufunguo wa Bomba

Sogeeni mbele, jamani, nafasi ipo. Leo nina hasira, na sitaki kuificha.

Palikuwa na mzee mmoja mwenye nyumba ya ghorofa ya kupangisha, katika kijiji cha pembeni mwa jiji, vile vijiji ambavyo watu huondoka alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi jioni. Mchana unaweza kukipita kijiji kizima usisalimiwe na mtu. Mzee akampangisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga. Siku ya kuonyeshwa chumba alionyeshwa na bomba la uani, akaambiwa, "Maji hapa si tatizo." Akahamia. Kesho yake akakuta bomba lina kufuli.

Kumbe mzee hufungua asubuhi, wapangaji wanajaza ndoo, wakishaondoka anafunga. Ufunguo anautia mfukoni mwa kanzu.

Mwanamke akamfuata. "Baba, mimi siendi kazini, nimejifungua majuzi tu. Niachie ufunguo mchana."

"Nikuachie uufungulie mtaa mzima? Jaza ndoo yako asubuhi kama wenzako."

"Na yakiisha, baba? Mtoto huyu kila saa nepi."

"Yakiisha, subiri nirudi msikitini."

Mnasikia? Msikitini! Maji ya Mungu ameyatia kufuli, kisha huyo, anakwenda kutawadha!

Basi Ijumaa moja mzee yuko safu ya mbele, simu kaizima. Nyumba yake iko ua huo huo na wapangaji, na ndani alimwacha mama yake mzazi, kikongwe asiyeweza kutembea. Cheche ya jiko la mkaa ikarukia pazia. Kikongwe akapiga kelele. Nani amsikie, na kijiji kizima kiko mjini? Alisikia yule mwanamke. Akamlaza mtoto kivulini, akakimbilia bomba. Kufuli. Akalitikisa, akaligonga kwa jiwe. Kufuli la mzee lilikuwa imara sana, ndugu zangu.

Akarudi chumbani. Ilibaki nusu ndoo, ya nepi. Akaloweka blanketi la mtoto wake, akaingia kwenye moshi, akamfunika kikongwe, akamburuta mpaka nje.

Mzee akaja mbio, ufunguo mkononi. Akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, lakini paa lilishaanguka. Mama yake akamtazama, akamwuliza, "Ulikuwa nao wapi huo ufunguo, mwanangu?"

Wewe ungejibu nini?

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema mzee yule hana utu. Ngojeni kwanza. Bomba la msikiti wetu, lile la nje ukutani, lina nini? Nani aliweka lile kufuli? Sisi. Tulikaa kikao hapa hapa, tukasema akina mama wa nyumba za kupanga wanatumalizia maji yetu. Yetu! Hakuna aliyepinga, na mimi sikupinga. Leo asubuhi nimepishana na mama mmoja, mtoto mgongoni, ndoo tupu mkononi. Nimeitikia salamu yake, nikaingia ndani kutawadha.

Ufunguo huu hapa. Umekuwa mfukoni mwa kanzu yangu tangu Shaabani. Nauweka mkekani, mbele yenu. Swala haijakimiwa bado. Nani anainuka kwenda kufungua?