Bi Kakakuona na Chungu Chenye Ufa

"Wa motoni mpo?"
"Tupo!"
"Wa nyuma, wenye baridi, mpo?"
"Tupo, tusogezeeni!"
"Nina ngano. Imetoka mbali, imechoka."
"Itue hapa, tuipokee mzigo!"

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na gulio lao kama watu, palikuwa na mfinyanzi aliyeitwa Bi Kakakuona. Mgongo magamba, mikono udongo, miguu vumbi. Alichimba udongo bondeni, akaufinyanga, akauchoma, kisha akajitwika vyungu akapanda kilima hadi gulioni. Gulio likivunjika, akajitwika vyungu vile vile akashuka kilima. Vyungu kupanda, vyungu kushuka, mpaka kata ya majani kichwani ikamtoa upara.

Enzi hizo bei ya chungu ilikuwa moja. Mnunuzi alikijaza nafaka hadi mdomoni, akaimimina kwenye kikapu cha mfinyanzi, akaondoka na chungu.

Na masika yalikuwa yanakaribia. Mvua ikianza, udongo haukauki, tanuri haliwaki. Asiyepata nafaka kabla ya mvua, watoto wake watalala njaa hadi jua lirudi. Ghalani kwa Bi Kakakuona alikaa buibui peke yake, naye alikuwa amekonda.

Alikwenda gulioni, akapanga vyungu, akaimba kwa sauti iliyokauka:

"Vyungu, vyungu vya bondeni,
gonga, sikia, uliza,
unapikia nini nyumbani?"

Akaja Nyani. "Nataka mtungi."
"Wa kuweka ndani au wa kuchotea mtoni?"
"Wa kuchotea."
"Basi huu ni mzito, baba, utakuvunja shingo. Gulio lijalo nitakuletea mwepesi."
Nyani akaenda zake.

Akaja Ngiri. "Nataka chungu."
"Unapikia nini?"
"Maharage."
"Basi hiki chembamba, mwanangu, hakitayavumilia maharage. Gulio lijalo nitakuletea kinene."
Ngiri akaenda zake.

Akaja Mama Tembo, ardhi ikatikisika. Alikuwa anamwoza bintiye, na vyungu alivyotaka vingemjazia mfinyanzi ghala zima. Bi Kakakuona akakivuta kikapu karibu. Hata hivyo akauliza:
"Unapikia nini, mama?"
"Togwa ya arusi. Moto wa kutwa, kuni za mgunga."
"Basi hivi vitapasuka. Nipe muda nifinyange vingine, udongo nichanganye na mchanga."
"Muda!" Mama Tembo akapiga masikio. "Wageni watakunywa muda?"

Akaenda meza ya jirani, kwa Nguchiro. Nguchiro huyo vyungu vyake viling'aa kwa mafuta, naye alimwita kila mteja mkwe.
"Karibu, mama mkwe! Togwa? Vinafaa. Maharage? Vinafaa. Ukitaka hata kuogea, vinafaa!"
Mama Tembo akanunua. Nguchiro akageuka, akacheka.
"Jirani, wewe unauza vyungu au unavilinda?"

Bi Kakakuona akakusanya vyungu vyake. Alijitwika vyungu, akashuka kilima.

Nyumbani mtoto wake mdogo akamkimbilia. "Mama, umeleta?"
"Nimeleta vyungu."
"Vyungu tunavyo, mama."

Mtoto hakusema kwa ubaya, nalo lile neno likamwelemea kuliko mzigo wa kutwa. Akakaa chini. Akafinyanga mtungi mwepesi wa Nyani na chungu kinene cha Ngiri, kama alivyoahidi. Akafinyanga na vile vya mchanga, ingawa Mama Tembo alishanunua kwingine. Mikono ilifanya kazi, macho yakisinzia.

Alipovitoa tanurini, chungu kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Siku nyingine angekivunja pale pale. Siku hiyo alikitazama, akawatazama watoto, akachukua ulimbo na masizi, akaupaka ule ufa mpaka ukapotea.

"Nafaka haivuji," alijiambia. "Kinachovuja ni maji."

Gulioni, kabla Nyani na Ngiri hawajafika, akaja Kanga, yule ndege wa madoadoa mwenye kelele. Akakigonga chungu kile kwa mdomo. Kikalia vizuri.
"Shangazi Kakakuona, hiki kitafaa kwa uji wa wanangu?"

Kwa mara ya kwanza, Bi Kakakuona hakuuliza kitu wala hakueleza kitu. Alisema, "Kitafaa." Kanga akajaza uwele, akamimina, akaondoka.

Bi Kakakuona akakitazama kikapu. Kilikuwa na uwele mkavu, mzuri. Akaingiza mkono ndani. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Jamani, na nilivyochoka hivi." Akajitwika kikapu, akachukua na chungu kizima, akamfuata Kanga.

Alishuka kilima, Kanga ametangulia. Akapita bonde, Kanga ametangulia. Akavuka mto, ndipo akamkuta anapumzika kivulini.
"Shangazi! Nimesahau nini?"
"Hujasahau. Chungu hicho kina ufa. Niliuficha mimi, kwa ulimbo. Uwele wako huu hapa. Na hiki ni kizima, chukua bure."

Kanga akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa jicho la pili. Kisha akapiga kelele:
"Umeniuzia ufa! Mie mwenye watoto! Njia yote hii nimebeba ufa!"

Akachukua uwele, akachukua chungu kizima, akaondoka akipiga kelele. Nanyi mnamjua Kanga. Kabla ya giza, msitu mzima ulikuwa umesikia: "Kakakuona anauza nyufa! Anauza nyufa!"

Gulio lililofuata hakuna aliyesimama. Nyani alipita mbali, na mtungi wake mwepesi ukimngojea. Ngiri alipita mbali, na chungu chake kinene kikimngojea. Kule juu mawingu yalikuwa yamejaa. Lilikuwa gulio la mwisho kabla ya mvua.

Mara ardhi ikatikisika. Mama Tembo huyo, miguu imelowa togwa, na Kanga mgongoni kwake.
"Nguchiro!" akanguruma. "Vyungu vyako vimepasuka motoni. Kesho arusi, togwa yote iko sakafuni!"
"Mkwe, labda kuni zako..."
"Usiniite mkwe! Nionyeshe katika hivi kipi kina ufa."
"Hakuna hata kimoja! Vyote vizima, vyote vinafaa!"

Mama Tembo akamgeukia Bi Kakakuona. "Na wewe?"

Bi Kakakuona alikuwa amechoka mno, asiweze hata kujipendekeza. Akanyoosha kidole. "Kile kilipata ufa leo asubuhi njiani. Kinafaa kuwekea mbegu tu. Huu mtungi ni wa Nyani, na hiki cha Ngiri, siwauzii wengine. Hivi vya mchanga nilivifinyanga kwa togwa yako. Hivyo naviamini."

"Nilikwambia nini?" Kanga akapiga kelele. "Huyu alinifuata hadi ng'ambo ya mto kunionyesha ufa ambao macho yangu hayakuuona! Wewe umewahi kufuatwa na muuzaji?"

"Hiyo nusu ya pili ungeisema tangu juzi," Bi Kakakuona alinung'unika.
"Shangazi, nilikuwa bado nina hasira."

Mama Tembo akaanza kujaza mtama. Nyani akaona, akasogea. Ngiri naye akasogea. Bi Kakakuona alitaka kusimama apime, miguu ikakataa. Akajikunja katikati ya vyungu vyake, akalala fofofo.

Wateja wakatazamana. Muuzaji amelala, kikapu kiko wazi. Nyani akakuna kichwa, akaujaza mtungi mtama hadi mdomoni, akamimina. Ngiri akakijaza chungu chake, akakirundikia kilele, akamimina. Hakuna aliyepunja, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpunja yule aliyevuka mto.

Matone ya kwanza ya mvua yakamwamsha. Vyungu havikuwapo. Kikapu chake na vingine alivyoletewa vilikuwa vimejaa, vimefunikwa majani visilowe, na Mama Tembo amesimama juu yake kama paa.
"Amka, mama," akasema. "Nikubebee hadi kwako."

Mtoto mdogo akaja mbio mlangoni. "Mama, umeleta?"
"Nimeleta," akasema. "Pokeeni, mimi nikalale."

Basi mwenye kuuza, mwulize mteja anapikia nini, na ufa uutaje kabla hajauona. Ukikosea, mfuate, hata kama miguu inauma.

Ngano nimeitua chini. Anayeitaka aigonge kwanza asikie inavyolia. Nami nilipita arusini, nikapewa togwa kwenye kibuyu kinachovuja. Waliniambia kinavuja, ndiyo maana nilikunywa haraka.